Programu Ipo, Kompyuta Haiioni

Jumatatu saa nne asubuhi, kompyuta ya ghala moja la mbegu za pamba mjini Bariadi iligoma kutoa vibali vya kuchukulia mbegu. Ghala ni la kampuni binafsi, mojawapo ya zilizokuja soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi. Vibali vya kuandikwa kwa mkono wamevifuta.

Mbele yangu kwenye foleni alisimama mama wa kijiji cha Kasoli. Mvua ilikuwa imenyesha kwao, alitaka kupanda udongo ukiwa bado na maji.

"Mayu, vumilia," fundi wa kompyuta alimwambia bila kugeuka, akimwita mama kwa Kisukuma. "Maagizo ya kompyuta yaliandikwa Mwanza. Mstari wa kwanza unaonyesha ilipo programu ya kuyasoma. Kule imewekwa kwingine, hapa kwingine."

"Kwa hiyo hapa ipo?"

"Ipo."

"Na kompyuta inasemaje?"

"Inasema haipo."

Mama alinitazama. Nikatazama dari.

"Si uielekeze ilipo?"

"Nikiandika ya hapa, wenzetu wa ghala la Bukundi, wanaotumia maagizo haya haya, watakwama. Yao iko kwingine tena."

"Ukija Kasoli usinikute nyumbani, utarudi useme nimekufa?"

"Nitauliza majirani, mayu. Ndicho ninachoiandikia hapa: ifike, iulize programu iko wapi."

"Kumbe ilikuwa haijui kuuliza," alisema, akakaa juu ya gunia.

Nami sikuelewa zaidi yake. Nilichoona ni kwamba kampuni hizi hufika kwetu zikidhani kila nyumba imepangwa kama ya kwao.

Kibali kilitoka kabla ya saa sita. Mama alifunga mbegu kwenye baiskeli, akashika njia ya Kasoli. Jioni fundi alituma maagizo mapya Bukundi, kisha akapiga simu. Kule pia yalikuwa yamefanya kazi.