Mkono wa Kulia wa Deio

Kwa miaka thelathini, kila aliyeteguka kiungo mjini Dinbych alipelekwa kwa Lleucu. Mama huyu alifundishwa kazi na baba yake mchunga kondoo, akaanzia kwenye miguu ya mifugo hiyo. Kusoma hakujua, lakini vidole vyake, jamani, viliona kuliko macho ya wengi. Basi Rheinallt, kinyozi aliyekuwa pia mpasuaji, mwenye hati ya askofu, kwani enzi hizo askofu ndiye aliyetoa ruhusa ya kutibu, akachoka kuona wagonjwa wanaupita mlango wake. Akamshtaki kwamba anatibu bila hati.

Mahakama ya askofu ikamtaka Lleucu alete watu watatu aliowaponya, waape mbele ya hakimu. Wakitimia, anapewa hati. Akipungua mmoja, asiguse tena mfupa wa mtu maisha yake yote. Lleucu alilia kwa hasira. Sasa afanye nini, akae afume soksi?

Siku ikafika. Mtengeneza ngozi akaapa, mwoka mikate akaapa. Wa tatu, Deio mswaga ng'ombe, aliingia amechelewa, matope hadi masikioni, mkono wa kulia unaning'inia. Farasi alikuwa amemwangusha njiani.

"Weka mkono wa kulia juu ya Biblia," karani akamwambia.

"Hauinuki, bwana. Niweke wa kushoto?"

"Wa kushoto haukubaliki."

Rheinallt akacheka hadi akashika mbavu. "Shahidi hakuna! Bega limevunjika hilo, mheshimiwa. Wiki sita hizo!"

"Limevunjika wapi? Umelishika?" Lleucu akamjia juu. "Deio, lala chini."

"Hapa, mama? Mbele za watu?"

"Ulitaka nikutandikie? Lala!"

Akavua kiatu chake cha mbao, akaketi sakafuni, akamkita kisigino kwapani, akauvuta mkono taratibu, taratibu. Deio akapiga ukelele, karani akaangusha kalamu. Mara bega likalia ko! Likarudi mahali pake.

Deio akainuka, jasho linamtiririka, akauweka mkono wa kulia juu ya Biblia.

"Naapa mama huyu aliniponya goti mwaka juzi," alisema. "La leo mmejionea wenyewe."

Watu wakashangilia kama wako sokoni. Hakimu akamgeukia Rheinallt. "Una swali kwa shahidi?"

Rheinallt akaelekea mlangoni. Karani alipoanza kuandika jina la Lleucu kwenye hati, mwenyewe alikuwa bado sakafuni, analia na kucheka, anatafuta kiatu chake.