Miguu ya Sheikh Iko Wapi

Kaburi la sheikh wetu wa Ujiji sasa limelala kaskazini kwa kusini. Kwa asiyewahi kumzika Mwislamu, hilo huenda si kitu. Hapa kwetu Kibla iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akiitazama: kichwa upande wa bara, miguu upande wa ziwa. Mtu akilazwa kama tuta hili jipya lilivyolazwa, ama anatazama ziwa, ama anatazama kijiwe cha bodaboda. Kamati ya ukarabati, yenye mahaji si haba, ililivika tuta hilo vigae vya rangi ya maziwa, ikalizungushia taa za kumetameta, ikachinja ng'ombe. Hakuna mjumbe aliyegundua.

Aliyegundua ni shangazi yangu, na yeye hakuwa akitafuta kosa. Alikuwa akitafuta miguu.

Ziara ya zamani, nyumba ya kaburi la sheikh niliyokua nikiiona, ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto aliweza kulala dirishani. Boriti zilikuwa za miti ya mivumo, na dari lilikuwa jeusi kwa moshi wa taa za mawese. Mlango ulikuwa mfupi. Ukiingia, uliinama utake usitake, uwe mvuvi wa dagaa au mkuu wa kitu gani sijui. Historia yake ilikuwa ya midomo, na kila mdomo ulikuwa na yake. Wengine walisema ilijengwa na watu wa pwani walioifuata njia ya misafara, wengine wakasema na Wamanyema waliovuka ziwa. Mjumbe mmoja wa kamati alisema redioni kwamba sheikh alifika Ujiji akiwa amekaa juu ya mkeka, angani. Nilimwuliza alilipata wapi hilo. Akaniambia nisiwe na imani haba.

Lisilohitaji imani lilikuwa mlango. Ulitazama ziwa, ili mgeni aingilie miguuni pa sheikh, asimame hapo, atoe salamu. Ndiyo adabu yetu. Mkubwa humwendei kichwani kama mgambo.

Nje ya mlango huo, mkono wa kulia ukitoka, alizikwa bibi yangu, mama yake shangazi. Alifagia pale mpaka nguvu zilipomwishia. Kaburi lake halikuwa na saruji wala maandishi, ila mawe mawili ya ziwani yaliyoletwa kutoka kwao Ilagala. Kando yake paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Shangazi alirithi ufagio, na kitu pekee nilichowahi kumsikia akikiomba hapa duniani ni nafasi hiyo. "Mtanilaza kwa mama," alikuwa akisema, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango.

Kisha kamati ikapata mfadhili. Mfadhili yuko Dar es Salaam na hajawahi kukanyaga Ujiji, lakini alitaka picha. Ramani ilichorwa na mtu mwenye uzoefu wa kujenga nyumba za wageni, na ziara ikatoka hivyohivyo: madirisha ya alumini, kuba ya bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Kilichokosekana ni mapokezi. Mlango ukahamishiwa barabarani, ili gari la mgeni rasmi lisimame kwenye ngazi. Na kwa kuwa mlango umehama, tuta nalo likageuzwa, ili ubavu wake mrefu ujae vizuri kwenye picha. Uwanja wote wa nyuma, upande wa ziwa, ukatandikwa pavingi, vile vitofali vya saruji. Miezi yote hiyo shangazi aliambiwa akae nyumbani, vumbi lisimdhuru kifua. Walimjali sana.

Siku ya ufunguzi nilimshika mkono tukaingia. Alisimama, akasogea kushoto, akarudi kulia, akalizunguka lile tuta kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

"Mwanangu, miguu iko wapi?"

Mwenyekiti wa kamati alisogea akiwa na tabasamu la kipaza sauti.

"Mama, hili la juu ni pambo tu. Sheikh yuko chini, palepale pake."

"Palepale wapi, baba? Nioneshe nimwamkie."

Mwenyekiti akaonesha sakafu, mahali fulani katikati. Mjumbe mwenzake akaonesha pengine. Wakatazamana.

"Na mama yangu mmemweka wapi?" shangazi akauliza.

Hapo tabasamu likazimika. Nje, vijana wa bodaboda walikuwa wameshasikia. "Sheikh siku hizi anatazama abiria!" mmoja akapaza sauti, na wenzake wakacheka. Sikuwalaumu. Walau wao walijua anatazama wapi.

Niliuliza huku na huku, maana ndiyo tabia yangu. Mwenyekiti alisema kaburi la bibi liko chini ya kingo za maua. Mtunza hazina alisema liko chini ya matangi ya maji. Fundi mkuu, Mkristo wa Kalinzi, alikuwa mkweli kuliko mahaji wote: alisema hakumbuki, walivunja ukuta na kusawazisha siku moja, na mawe yoyote yaliyookotwa uwanjani yaliingia kwenye msingi. "Ya ziwani nayo?" nikamwuliza. "Kaka, jiwe ni jiwe," akasema, kisha akainamisha kichwa.

Ila aliongeza jambo moja. Ukuta wa zamani wa upande wa ziwa ulikatwa usawa wa ardhi, haukung'olewa. Pavingi zikifunuliwa, kizingiti cha mlango kitaonekana, na kutoka kizingitini bibi atajulikana alipo.

Nililipeleka hilo kwenye kamati. Walikaa kikao kizima. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubandika mshale wa Kibla sakafuni, ili wageni wasichanganyikiwe. Wameubandika, unakwenda sambamba na tuta. Wa pili ulikuwa kununua shuka la kijani kubwa zaidi, lifunike mpaka chini. Kuhusu pavingi, walisema haziguswi mpaka mfadhili aje azione. Shangazi wakamshauri achague sehemu nzuri katika makaburi ya mji.

"Waambie wachague wao," shangazi alinijibu. "Mimi nilishachaguliwa."

Mfadhili hajaja. Juma hili kifua cha shangazi kimembana zaidi, anakunywa uji tu, na pavingi bado zimelala kama zilivyotandikwa.