Hapo ni Wapi

Watu wanadhani mwenye meza ya pool anachoshwa na walevi. Mlevi hachoshi. Ukimwonyesha benchi anakaa, anasinzia, yamekwisha. Anayechosha ni mtu mzima mwenye akili zake, hajaonja chochote, kashika fimbo mkononi, anakuita: "Bosi, njoo uamue." Hilo neno nimelisikia mpaka nikawa naliota.

Nilikuwa na meza mbili Kasulu, na mwaka 2013 nikapeleka ya tatu Kibondo. Mimi, darasa la tatu. Nilianza kwa kubeba magunia ya maharage sokoni, nikaja kuyanunua mwenyewe, nikapata duka, nikajenga banda, nikaleta meza. Wapo waliosoma mpaka chuo wakaja kusimama kwenye foleni yangu na kuniomba zamu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Ile ya Kibondo niliisafirisha mwenyewe juu ya lori, lile jiwe linalokaa chini ya kitambaa cha kijani nimelilaza kwenye magodoro, nami nimelala juu yake kulikandamiza lisirukeruke. Tulipopita Makere nilikuwa sina sehemu ya mwili isiyouma. Nilishuka Kibondo uso mzima mwekundu kwa vumbi, lakini jiwe halikuwa na ufa hata wa unywele. Nani mwingine angeweza?

Kasulu neno langu lilikuwa limepita. Nikisema faulo, ni faulo. Kibondo nilikuwa mgeni. Ni Waha wenzangu, Kiha ni kilekile, lakini mtu wa Kibondo akisikia unatoka Kasulu anakupima kwanza. Nilijua wakinipima wakaona napendelea kwetu, hawatagombana nami. Wataacha tu kuja. Niliwahi kuona meza ya mwenzangu mmoja ikifa hivyo, imefunikwa turubai, kuku wanatagia juu yake. Kwa hiyo kila nilipokwenda Kibondo kuamua michezo, nilikwenda kama mtu anayebeba trei ya mayai.

Na sheria zenyewe! Kila mtu na zake. Pale Kibondo, mtu akibakiza mpira mweusi, ambao ndio unaomaliza mchezo, aliweka chaki kando ya shimo analolikusudia. Walimu na waganga waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine walikuja na sheria za kwao, na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo ya dunia nzima. Vijana wa Mabamba, walioshinda wakivuka kwenda Burundi na kurudi, walisema mweusi ukiingia umeingia, mambo ya kutaja shimo ni uoga. Nikafuta yote. Chaki ilikuwa inaleta ugomvi, mara imesukumwa na kiwiko, mara imeingia mfukoni mwa mtu. Nikatangaza: mweusi unatajwa kwa mdomo. Taja shimo, ndipo upige. Nikaona nimemaliza kazi.

Lakini huku kwetu nani atasema "shimo la kati, upande wa barabara"? Kiswahili wengi tumekikuta shuleni, na wengine shuleni tulipita tu. Mtu anainua kidevu anasema, "Hapo." Na hapo ni kama aho yetu ya Kiha: ni pale ulipo wewe ninayesema nawe. Kwa hiyo mchezaji alimwambia yeyote aliyesimama karibu na shimo, awe refa au mpinzani wake, "Hapo," na aliyeambiwa akajibu "Sawa" na kusogea kidogo. Mambo yakaenda hivyo miezi mingi bila kelele.

Jumapili moja alasiri nikaandaa shindano, Kasulu na Kibondo, palepale Kibondo, mshindi apate mbuzi. Mbuzi tulimfunga kwenye nguzo ya banda. Wachezaji wengine walicheza wakamalizana, timu zikawa sare, ukabaki mchezo mmoja wa kuamua.

Kasulu walimtoa muuza vitenge mmoja, Mwislamu, wazazi wake wametoka Tanga. Kiswahili chake kinyoofu, kinywaji chake soda, watu walimwita Ustadhi. Kibondo walimtoa fundi seremala, mtu mkimya aliyetengeneza vitanda vya nusu ya mji. Huyu fundi alikuwa na makengeza. Jicho moja linakutazama wewe, jingine linamtazama jirani yako. Hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake, maana alikuwa muungwana, na pia alikuwa akikufunga kabla hujapata nafasi ya kusema. Alipenda kugongesha. Mpira ambao wewe ungeupeleka moja kwa moja shimoni, yeye aliupigiza kwenye ukingo urudi uingie upande wa pili.

"Ustadhi," mtu mmoja wa Kibondo akamchokoza, "huyo mbuzi umeshazungumza naye?"

"Nimezungumza naye. Anasema hataki kulala Kibondo, kuna baridi."

Watu wakacheka. Ulikuwa mchezo mzuri, nasema kweli, na mimi nimeona mingi. Wakaenda sambamba mpaka mezani ukabaki mweusi peke yake, na zamu ni ya fundi.

Refa nilikuwa mimi, na miguu ilikuwa inaniwaka moto kwa kusimama tangu watu watoke kanisani. Nilikuwa nimeegemea meza karibu na shimo la kati. Ustadhi alikuwa amesimama kwenye shimo la kona, mkono wangu wa kulia, si mbali. Fundi akainama upande wa pili, akainua kidevu kuelekea upande wetu.

"Hapo," akasema.

"Sawa," nikajibu.

"Sawa," Ustadhi naye akajibu.

Tulijibu pamoja. Fundi akapiga. Mweusi ukaenda ukagonga ukingo karibu na ile kona, ukarudi ng'ambo, ukagonga tena, ukaja polepole kama unauliza njia, ukadondoka kwenye shimo la kati, mbele ya tumbo langu.

Kibondo wakalipuka. Kasulu nao wakalipuka.

"Kakosa! Alitaja kona!"

"Kona ipi? Fundi kagongesha, hamjamjua leo?"

"Alimwambia Ustadhi!"

"Alimwambia refa!"

Kijana mmoja wa kwetu, tuliyekuja naye kwenye lori, akapanda juu ya benchi. "Alikuwa anamtazama Ustadhi! Nimeona kwa macho yangu!"

"Kwa jicho gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Kicheko kikaanza, kikafa hapohapo. Wote tulijua ni macho ya nani yaliyosemwa. Fundi hakuinua uso. Akawa anafuta ncha ya fimbo yake kwa kidole gumba, anafuta tu, na ilikuwa safi.

Halafu wakanigeukia mimi. "Bosi, amua."

Hapo ndipo uchovu wa miaka yote uliponishukia. Kweli sikujua. Angekuwa mtu mwingine ningesema, katazama kwangu, au katazama kwa mwenzake, kwisha. Nikisema mweusi ni halali, vijana wangu watasema nimewauza. Nikisema faulo, Kibondo watasema walijua tangu mwanzo, mtu wa Kasulu ni wa Kasulu, na siku hiyo itakuwa ya mwisho kwa meza ile kugongwa fimbo. Na sheria ya kutaja kwa mdomo niliitunga mimi. Nikavuta pumzi ili niseme neno.

Ustadhi akainua mkono. "Subiri, bosi."

Akazunguka meza mpaka mbele ya fundi. Hakupandisha sauti.

"Fundi, tusiulizane mambo ya macho. Mdomo ni wako. Ulimwambia nani?"

"Refa."

"Mimi uliniona pale konani?"

"Nilikuona." Fundi akainua uso sasa. "Wewe ningekuambia, 'Ustadhi, naomba hapo ulipo.' Wewe ni mgeni wetu, na ni mtu mkubwa. Nitakurushiaje 'hapo' kavukavu? Refa tumemzoea."

Ustadhi akacheka, akampa mkono, akaishika mikono yote miwili ya fundi. "Basi. Mbuzi ni wako, na baridi aizoee."

"Ustadhi, umetuuza!" yule wa kwenye benchi akapiga kelele.

"Nimewauza kwa nani? Nimemuuliza mwenye neno, kanijibu. Mlitaka nimwapishe kwa ajili ya supu? Shuka kwenye benchi la watu."

Nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba Kibondo wameshinda. Nadhani nilitangaza vizuri, lakini walikuwa wameshakwenda kumfungua mbuzi.

Meza ya Kibondo haikufa. Ilichezwa kuliko zile mbili za Kasulu, mpaka kitambaa kikachakaa nikabadilisha. Mimi ndiye niliyeipeleka, na atakayekana aje tuzungumze. Ila kuanzia pale Kibondo walishika utaratibu wao. Ukitokea ubishi, wanamuuliza aliyepiga: "Ulisemaje, na ulimwambia nani?" Anajibu, na jibu lake ndilo linalosimama. Wapo waliodanganya, najua. Walipodanganya wakaonekana, wakajirekebisha wenyewe au wakahamia kwenye karata.

Safari moja, mwaka uliofuata, nilifika nimechoka na vumbi, nikakaa kwenye benchi. Kelele zikaanza mezani, mweusi, shimo, kona, yaleyale. Nikanyanyuka, nikachomekea shati vizuri, nikawa nakwenda kuamua. Kabla sijafika wameshapeana mikono, mmoja anapanga mipira upya.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, bosi," fundi akaniambia. "Tumeshamaliza. Wewe kaa, pumzika."

Nikakaa.