Birika la Injinia na Kibandiko Chekundu

Nayaandika haya kwa sababu Mama Hélène wa kanisani kwetu ameshayasimulia mtaa mzima wa Bertrams, na chumvi anayoitia inatosha kukausha samaki.

Onesmo Rwezaula ni mdogo wa marehemu mume wangu. Nyumbani Bukoba tumewaambia kwamba ni mkaguzi wa usalama wa umeme Johannesburg, na si uongo. Hatukuona haja ya kueleza kuwa kazi hiyo hupewa kampuni kubwa, nayo huigawia kampuni ndogo, kampuni ndogo humpa Lambert, Mkongo mwenye pikapu, naye Lambert humpa Onesmo. Katika mlolongo huo wote anayeshika plagi ni Onesmo peke yake. Wengine hushika simu.

Huzunguka maofisini na mashuleni na kisanduku chake cha kupimia: pasi, feni, jagi la kuchemshia maji. Chombo kizima hubandikwa kibandiko cha kijani, kibovu chekundu. Wenzake hubandika kijani kwanza, wakipata nafasi ndipo hupima. Onesmo hupima hata chaja ya simu. Lambert humwita Profesa, na si kwa heshima.

Oktoba 2017 watu wa bima walilidai kanisa letu cheti cha usalama wa umeme, na Alhamisi Onesmo na Lambert wakaja. Jumapili yake ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mume wangu. Jikoni mwa ukumbi kulikuwa na birika kubwa la umeme alilolitoa yeye, lenye bamba la shaba: ZAWADI YA INJINIA W. RWEZAULA NA FAMILIA. Nilikuwa nimekwenda kulisugua bamba hilo. Nikamkuta shemeji yangu amepiga magoti mbele ya birika, kibandiko chekundu mkononi.

"Hicho cha nini, Onesmo?"

"Cha birika, shemeji. Limefeli."

"Akina Rwezaula hawafeli."

Lambert akachungulia mlangoni. "Profesa, unapima ao unachumbia? Tia kijani, twende. Tuko na shule nzima kule Doornfontein."

"Bwana Lambert anasema kweli," nikasema, ingawa sina kawaida ya kukubaliana naye. "Jumapili wanakuja watu wa ubalozi kutoka Pretoria. Wakute jina la kaka yako chini ya alama nyekundu?"

"Shemeji, anayetia sahihi kwenye cheti ni mimi, na mimi pia ni Rwezaula. Mtu akipigwa shoti, watasoma jina gani?"

Akaifungua plagi. Waya wa ethi, ule unaomwokoa mtu chombo kikivuja umeme, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma kama pindo la suruali. Birika lilitoka nyumbani na plagi ya nyumbani, na plagi za huku ni nyingine. Nani aliyeibadilisha, sote tulijua. Mume wangu alikuwa injinia, hilo halina ubishi. Injinia wa barabara.

Mama Hélène, aliyekuwa akifuta vikombe, akaweka kitambaa chini. "Kumbe! Mie kila nikishika hii birika mkono unatetemeka. Nikasimama mbele ya watu nikashuhudia ni Roho!"

"Inaweza kuwa Roho, mama," Lambert akasema. "Ila huyu iko na volti."

Wakacheka wote, Onesmo naye. Mimi nilisubiri wamalize.

"Tengeneza," nikamwambia.

Alifunga waya upya, akapima, likafaulu. Lakini fomu ina nafasi ya kuandika chanzo cha ubovu, na fomu hubaki kanisani, mtu yeyote akaisoma. Onesmo akaanza: plagi ilifungwa vibaya na... Kalamu ikasimama. Kaka yake ndiye aliyemsomesha ufundi.

"Na fundi asiyejulikana," nikasema, kwa sauti niliyofundishia darasa la saba miaka kumi na minane.

Akanitazama. "Shemeji..."

"Andika, Profesa," Lambert akasema. "Kazi mbaya yote ya Joburg alifanya yeye huyo huyo."

Onesmo akafikiri sana. "Ni kweli hakuna aliyemwona akiifunga," akasema mwishowe, akaandika, akatia sahihi, akabandika kijani kando ya bamba.

Jumapili watu wa ubalozi walikunywa chai wakarudia, wakalisifu birika na mtoaji wake. Fundi aliyetajwa kwenye fomu hiyo familia yetu haimjui, wala hatuna mpango wa kumtafuta.