Jibu Lililokosa Mwezi wa Tano

Musembi, mpishi wa shule ya msingi pale Waithaka, alikuwa na kichwa, si mchezo. Alikoroga githeri redio ikiwa sikioni, na hakuna habari iliyompita. Ndiyo maana mwezi wa tano walimu walimsukuma aende kwenye chemshabongo ya televisheni, studio huko Hurlingham.

Akajibu maswali kumi na moja, yote sawa. Likabaki moja tu aondoke na friji.

"Bingwa wa taifa wa kwaya za shule za msingi ni shule gani?"

Musembi akataja shule yake. King'ora kikalia. Woi! Shule yake ilikuwa ya pili mwaka uliopita, tena kwa alama moja.

Akarudi mikono mitupu, na karatasi aliyotia sahihi ikamkataza kusema lolote hadi kipindi kionyeshwe mwezi wa tisa. Miezi minne! Watoto wakimuuliza kwenye foleni ya chakula, "Anko, ulishinda?" anawajibu, "Mtaona," na huku moyoni anakufa kwa aibu. Hao ndio waliomwita Profesa. Sasa wangemwitaje?

Siku ikafika, Ijumaa saa kumi jioni. Shule nzima ikajazana ukumbini. Musembi akasimama mlangoni, aproni bado kiunoni, tayari kutoroka. Likaja swali la mwisho, na yule Musembi wa kwenye televisheni akataja shule. Watoto wakaruka kwa shangwe.

"Si sahihi," akasema mtangazaji.

"Mwongo!" ukumbi ukalipuka. "Wameibia Anko! Bingwa ni sisi!"

Na kweli walikuwa wao. Kombe walilichukua mwezi wa nane, na lilikuwa pale pale kando ya televisheni, bado lina utepe. Kwa ile hofu yake, Musembi hakuwahi kuziunganisha habari hizo mbili. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwalimu Wesonga wa kwaya akamfuata mlangoni. "Lakini Mzee, mwezi wa tano ulikuwa hulijui jibu? Wewe?"

"Nililijua, Mwalimu," akasema Musembi, akijifuta macho kwa aproni. "Sasa ningeanzaje kutaja watoto wa wenyewe mbele ya watu, na hawa wangu nimewapikia uji asubuhi?"