Alikuwa akizuia mvua, akakuta moshi

Saa mbili na nusu asubuhi, Mutindi Nzomo amejikunja ndani ya gari jeupe, kule nyuma penye mizigo, tochi mkononi. Nje, mwenye gari anamwagia kioo cha nyuma maji kwa ndoo.

"Pole pole, mwalimu! Sasa ile kona ya kushoto!" Mutindi anampazia sauti.

Anapitisha vidole kwenye raba inayoshika kioo. Pakavu. Fundi mwingine angetoka hapo na kumpa mteja funguo zake.

Mutindi, mwenye umri wa miaka 43, bado hajamaliza. Anawasha feni ya gari hadi mwisho, anaacha udi ukifuka sakafuni, anatoka na kufunga milango yote. Kisha anapiga magoti nyuma ya gari na kukodoa macho, akitafuta kama kuna moshi unaopenya popote.

"Maji yakiingia utayaona," anasema. "Hii nyingine inakuua ukiwa usingizini."

Hadi Oktoba mwaka huu wa 1997, yeye mwenyewe hakulijua hilo.

Mzaliwa huyu wa Mbooni alianza kwa kushona viti vya magari mjini Kitui. Viti vikawa vinarudishwa vimeoza, kwa sababu vioo vya nyuma vilikuwa vikivuja. Mwaka 1986 akaamua kuziba vioo mwenyewe: anatoa raba kuukuu, anakwangua gundi, anasafisha kwa petroli, anarudisha kioo kwa raba mpya na kupaka gundi nyeusi ukingoni. Kwa kazi hiyo, shilingi mia nne kwa gari, amesomesha wanawe watatu.

Mvua za El Niño zilipoanza, Abubakar Shee, mwuza vitambaa mjini hapa, alimletea gari lake. Majora mawili ya vitambaa yalikuwa yameloa ndani. Mutindi alilifahamu gari hilo. Alikuwa ameziba kioo chake mwaka uliopita.

Alipong'oa kioo, alikuta ukingo wa chini umejaa weusi. Akapangusa kwa kitambaa cheupe.

"Kilitoka kama nimepangusa sufuria ya jikoni," anakumbuka. "Nikajiuliza, mvua gani hii inaleta masizi?"

Mkewe Abubakar, Halima, alikuwa amesimama kando na binti yao wa miaka minne, Tumu.

"Mama Tumu, huku nyuma hukaa nani?" Mutindi aliuliza.

"Watoto. Huwa tunawatandikia godoro. Tukienda Mtito Andei wanalala njia nzima, hawasumbui."

"Na wakiamka?"

"Wanatapika. Wanalia kichwa. Nilidhani ni zile kona."

Kisha akaeleza kwamba Jumapili iliyopita Tumu hakuamka walipofika. Walimtoa nje, wakamwita, wakampepea. Alifungua macho baada ya robo saa hivi. Walimnunulia dawa ya malaria, na siku iliyofuata wakarudi naye Kitui akiwa amelala pale pale nyuma.

Mutindi alimwonyesha kitambaa, akamwambia ni moshi wa gari unaoingia nyuma. Halima alikitazama, akamtazama mtoto, akaketi chini kwenye matope na buibui lake.

"Nilikuwa nawasifu kwa watu," alisema. "Nasema wanangu wana adabu safarini."

Abubakar hakuamini. "Mimi naendesha gari hili kila wiki! Sijawahi kuumwa hata kichwa!"

Mbuvi, fundi wa injini wa kibanda jirani, aliingia chini ya gari na kutoka akitikisa kichwa. Bomba la moshi lilikuwa limeliwa na kutu, likakatikia chini ya mlango wa nyuma. "Wewe unafungua dirisha la mbele, mzee, unapata hewa," alimwambia. "Dirisha hilo hilo linavuta moshi kutoka nyuma, unapita kwa watoto kwanza."

Lakini moshi ulipitia wapi? Mutindi alikuwa tayari amekwisha kuona. Masizi yalizunguka matundu mawili madogo chini ya kioo, na matundu hayo aliyaacha yeye, kwa mkono wake, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Aliyaacha katika kila gari.

"Ngai wakwa, Mungu wangu!" anasema. "Ningeweza kunyamaza, niyazibe, nani angejua? Lakini mtoto alikuwa amesimama pale ananitazama. Nikasema, baba Tumu, haya matundu ni yangu."

Abubakar aliondoka, akaliacha gari. Alirudi jioni, macho mekundu. "Ziba," alisema. "Halafu nenda ukawatafute wengine."

Mutindi alifunga kibanda siku tisa. Hakuwa na orodha ya wateja wala hakukumbuka namba za magari. "Namba sijui, lakini mshono wangu wa kiti nitaujua popote," anasema. Alisimama vituo vya petroli akichungulia ndani ya magari. Alipanda vilima vya Kilungu na Mbooni kwa miguu, akaomba matangazo makanisani na msikitini. Mteja mmoja alimfukuza akidhani anatafuta kazi kwa hila. Mutindi alikaa langoni kwake hadi mke wa mteja akatoka kumsikiliza.

Hakumbuki yote aliyoziba tangu 1986; kati ya magari kumi na saba anayoyakumbuka, amepata kumi na sita. Matatu yalikuwa na masizi.

Moja ni hili jeupe, la mwalimu Kiema wa Mbooni. Mamake, Kavata, husafiri nyuma akiwa amejinyoosha kwa ajili ya mgongo wake. "Kila akitoka hospitali anazidiwa," anasema mwalimu, ndoo ingali mkononi. "Tulikuwa tumeshaanza kuzungumzia kaburi lake."

Leo moshi wa udi haupenyi popote. Mutindi anasimama, anajipangusa magoti.

Tumu hajalala tena safarini. Halima anasema anaimba mpaka babake anaomba kimya.

Mutindi anapanga kuwaita mafundi wote wa Kitui Januari, awaonyeshe jaribio la feni na udi bila malipo. Kabla ya hapo ana safari. Gari la kumi na saba, la buluu, lenye viti vyekundu alivyoshona kwa uzi wa manjano, liliuzwa kwa mtu wa Mtito Andei. Anaondoka Jumatatu.

"Aliyenielekeza ananiambia mwenye gari ana watoto wanne," anasema. "Nimemwuliza wanakaa wapi garini. Hajui."