Siku Shangazi Aliponituza

Mngurumo ule nausikia mpaka leo. Nilikuwa nje ya ukumbi wa zamani pale Madungu, ndala mkononi, nikadhani lori la karafuu limesimama nyuma ya ukuta na dereva hataki kuzima injini. Nikachungulia mlangoni. Lori hapana. Palikuwa na mwanamke wa makamo kakaa kitini, kakumbatia fidla kubwa kama kabati la vyombo, anavuta upinde polepole, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio.

"Ingia tu, haliumi," akaniambia bila kugeuka.

Hilo ndilo selo. Mwenyewe alitoka Nairobi, na wiki ile sote tulimwita Mama wa Selo. Yeye na wenziwe walikuja mjini kwetu Chake kwa tamasha la muziki wao, muziki wa watu wachache: wanne wanakaa nusu duara, hakuna mwimbaji, hakuna kipaza sauti, hakuna mtu wa kusimama mbele na kuongoza. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake, basi. Lakini safari hii walikuwa watatu, maana mpigaji wao wa fidla ya pili aliugua kabla ya safari. Wakaja kuuliza kwenye kikundi chetu cha taarabu kama yupo mpiga fidla anayeweza kusoma nota. Mwalimu wetu akanitaja mimi. Napenda kuamini ni kwa sababu ya kipaji, ila pia mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na mlango.

Nota nilizijua, lakini nilizisoma kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyosoma juzuu yake ya kwanza, kidole chini ya kila herufi. Mama wa Selo hakuona tabu. Alinirekodia sehemu yangu kwenye simu, nikawa naisikiliza nikipika, nikifua, nikipiga pasi sare za shule ambazo shangazi alizishona. Na kabla tamasha halijafika, akanishika bega.

"Tukimaliza hapa, njoo uzunguke na sisi mwaka mmoja. Utajifunza njiani. Kamwombe ruhusa mlezi wako."

Nilirudi nyumbani mbio. Mlezi wangu ni shangazi, dada wa marehemu baba. Alikuwa kwenye cherehani, hakuisimamisha.

"Mwaka mzima?" akauliza. "Kwa kukwangua nyuzi?"

"Ni kazi, shangazi. Watu wanaishi kwa kazi hiyo."

"Haya. Ntakuja nisikilize mwenyewe. Nikiona watu wamekupenda, kwenda utakwenda. Nikiona wamekununia, unarudi hapa kwenye sare, na maneno ya fidla yaishe."

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza. Mimi kwa kawaida ni mtu wa kucheka, hata msibani huwa nakaa nyuma ili nisionekane meno. Lakini siku zile kicheko kilinipungua. Nikaona bora niwaulize wale wageni wanaishi vipi hasa, ili nipate maneno ya kumpelekea shangazi.

Tulikuwa tunakula wali kwa mchuzi wa pweza kwenye baraza ya ukumbi. Kaka wa fidla ya kwanza akasema asubuhi anatengeneza simu mbovu, jioni ndiyo anapiga. Dada wa viola, ile fidla iliyozidi yetu kidogo kwa ukubwa, anafundisha hesabu sekondari.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi? Mimi nimepiga kwenye harusi za hotelini, watu wanatafuna na kusogoa, hakuna anayenitazama. Nimefundisha watoto wa matajiri ambao hawataki kufundishwa. Nikipanda ndege, selo nalo linakatiwa tiketi, na linapewa kiti cha dirishani. Mama yangu mpaka leo ananiuliza nitaanza kazi lini."

Tulicheka mpaka paka akakimbia. Ila maneno ya kumpelekea shangazi nilikuwa bado sijayapata.

Jambo baya zaidi nililigundua siku yenyewe asubuhi. Mama wa Selo alisema watu watakaokuja wataambiwa wakae kimya mpaka mwisho kabisa, hata tukipumzika katikati wasipige makofi. Kwetu, muziki ukimgusa mtu haukai ndani ya mtu. Atasema "Allah!", atainuka, atakuja mbele kwa mwendo wa madaha na kumtuza mpigaji pesa mkononi au kwenye ushungi, na wenziwe watamfuata. Mpigaji ambaye hakuinukiwa hata na mtu mmoja amesuswa. Shangazi angejuaje kama nimependwa?

Nikaenda kumweleza. "Shangazi, muziki wao watu hukaa kimya."

"Kimya kama matangani?"

"Kimya cha kusikiliza."

"Haya," akasema, lakini alikuwa anakata uzi kwa meno, nami nikaona maneno hayakumwingia.

Tulianza baada ya sala ya alasiri. Ukumbi ulijaa, wanawake upande mmoja, wanaume upande mmoja, shangazi mstari wa pili na buibui lake la Idi. Sehemu ya kwanza ilikwenda. Tukamaliza, tukapumzika kidogo, na watu, kama walivyoambiwa, kimya. Hata kikohozi hapana. Nikamtupia jicho shangazi. Alikuwa anageuza shingo kulia, kushoto, kutafuta nani atainuka. Hakuna. Uso wake ukaanza kubadilika, na mimi nikafunua ukurasa wa sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ni ya taratibu sana, ya kunong'ona. Tulikuwa katikati yake nilipomwona anasimama.

Alikuja mbele kwa ule mwendo wa taarabu, bega moja, bega jingine, kwenye muziki ambao hauna hata pigo la kukanyagia. Kaka wa fidla ya kwanza alitoa macho. Shangazi akapanda jukwaani, akasimama baina yangu na karatasi ya nota, akanichomeka pesa kwenye ushungi na kuninong'oneza sikioni: "Usijali, mwanangu. Miye nipo."

Nota sizioni. Naona buibui tu. Na nyuma yake, majirani wa kike, walipoona shangazi kainuka peke yake, hawakuweza kumwacha aaibike. Wakaja. Mmoja, wa pili, foleni nzima, nyuso zimejaa huruma. Upinde wangu ukasimama.

Basi nikamsikia Mama wa Selo. Alikuwa amekishika kipande kidogo cha sauti za chini na anakirudia, anakirudia, huku akinitazama na kuniitikia kwa kichwa polepole. Hilo nilikuwa nalijua! Ndivyo kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu yetu, inavyowangoja watuzaji mpaka warudi kukaa. Sijui alijifunza lini, labda alipokuja kutusikiliza kwenye mazoezi. Nikamfuata kwa sikio. Viola ikaingia, fidla ya kwanza ikaingia, tukazunguka hapo hapo mpaka mama wa mwisho akakaa. Mama wa Selo akainua kidevu, tukaendelea mpaka mwisho.

Makofi yalikuja, mengi. Lakini shangazi alikuja nyuma ya pazia amekasirika.

"Walikususa! Mpaka nimekuinukia miye!"

"Shikamoo, Mama," akasema Mama wa Selo. "Hawakumsusa. Furaha yao waliiweka ndani."

"Marahaba. Furaha ya ndani anaijua nani? Hebu nambie, na weye hutuzwa na nani?"

Mama wa Selo alianza kuufuta upinde wake.

"Hakuna, Mama. Wanapiga makofi, tunainama, tunapanda gari."

"Wala wa nyumbani kwenu?"

"Wala wa nyumbani."

Shangazi akafungua fundo la kanga chini ya buibui, akamtia pesa kiganjani na kukifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. "Hii yako. Umemngoja mtoto wangu, nimekuona." Akanigeukia. "Nenda. Alokungoja mbele za watu hatokuacha njiani. Lakini huko miye sipo wa kuinuka. Watanyamaza, na weye hutojua wamependa au wamechoka. Utaweza?"

"Ntaweza," nikasema, upesi mno. Sikujua. Mpaka tunafika nyumbani nilikuwa naogopa tena, safari hii si kunyimwa ruhusa, bali kile kimya.

Kesho yake shangazi alikwenda Vitongoji kupeleka sare, nikabaki peke yangu. Nikatoa fidla, nikakaa pale ninapokaa siku zote, kwenye dirisha la njiani. Muuza samaki hupunguza baiskeli akinisikia, wanawake wakipita husema, "Haya, bibi fidla, tupe raha!" nami huzidisha. Nikaweka fidla begani. Nikaitua. Nikainuka, nikavuta mbao za dirisha, nikatia komeo, ndipo nikaanza.